Fundi Anajibu: RAM mpya, meseji ile ile

Barua za mwezi huu tatu nimezieka pamoja maana zote zinalia na neno moja, memori, yaani RAM, pale komputa inapoweka kazi inayoifanya saa hiyo, halafu ukizisoma unakuta kila mmoja ana maradhi yake mbali kabisa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnisamehe, imenigusa.

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Komputa ya ofisini kwetu, ya mezani, Windows 10, RAM ya GB 4, kila asubuhi nikiwasha kabla hata sijafungua kitu inatoka meseji katikati ya kioo, "The memory could not be read", na minamba mirefu inaanza na 0x. Nikibonyeza OK inaondoka, kazi zinaendelea, kesho yake tena. Tukaita fundi akasema RAM imekufa, walimu tukachangishana tukanunua nyengine ya 8, akatia, siku ya pili asubuhi meseji ile ile kama inatucheka. Sasa wenzangu wananitizama mimi kama nimekula pesa zao. Cha ajabu nikiipa restart saa hiyo hiyo inawaka safi, haileti kitu. Nifanyeje?
Maalim, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam maalim, na pole kwa hayo macho ya wenzio, hayo ndo mabaya kuliko hiyo meseji yenyewe.

Neno memori pale limewaponza wengi. Ile meseji haisemi RAM imeharibika, inasema kuna programu imekwenda kusoma pahala ambapo haina ruhusa napo au hapapo kabisa. Kila programu ikiwaka Windows inaipa sehemu yake kwenye memori na kila sehemu ina anuani, ndo hiyo minamba ya 0x. Sasa chukua majumba ya Michenzani, au hayo ya kwenu Wete, kila jumba lina namba yake. Mtu kapewa kikaratasi aende jumba namba sifuri. Atazunguka mpaka magharibi iingie halioni, maana halipo. Jee utakwenda kuvunja majumba ujenge mengine? Si utamtafuta aliyeandika kile kikaratasi? Basi itizame meseji yako tena, baada ya maneno "referenced memory at" kuna namba, na ukiikuta ni masifuri matupu au masifuri mengi na kitarakimu kimoja mwisho, jua programu imepewa kikaratasi cha jumba sifuri. Nyinyi mmenunua jumba jipya.

Umeniandikia minamba yote maalim, mpaka herufi zake, mkono wako mzuri mashallah, lakini jambo lenyewe umeliacha. Juu kabisa ya kile kisanduku cha meseji, kwenye ule mstari wa juu, pameandikwa jina, linaishia na .exe halafu maneno "Application Error". Hilo ndo jina la mwizi. Watu wote wananakili minamba ya chini wanaliacha jina la juu, sijui kwa nini, labda minamba inaonekana ya kitaalamu zaidi.

Kwa hiyo asubuhi tatu mfululizo ipige picha kwa simu hiyo meseji kabla hujabonyeza OK, halafu zilinganishe. Jina likiwa lile lile siku zote tatu, tatizo ni hiyo programu, iache RAM ipumzike. Jina likiwa leo hili kesho lile, namba zinaruka ruka, na mara nyengine kioo kinageuka buluu chote kinakuandikia MEMORY_MANAGEMENT halafu mashine inajizima na kuwaka yenyewe, hapo sasa ndo unaishuku RAM na mimi nitakuwa upande wa fundi wako.

Lakini wewe umeshanijibu bila ya kujua, pale uliposema restart haileti. Sikiliza hii maana wengi hawaijui. Tangu Windows 8, ukizima komputa kwa shut down haizimiki yote. Inachukua ule utumbo wake wa ndani inauhifadhi kwenye diski, kwenye faili linaitwa hiberfil.sys, asubuhi inaurudisha vile vile ili iwake haraka. Ukifanya restart ndo inaanza upya kweli. Kwa hiyo kama kuna draiva (kiprogramu kinachoendesha kifaa) ililala vibaya jana basi leo inaamka na maradhi yake, na kesho, na mtondo. RAM mbovu haina adabu hiyo ya kuchagua, ingekusumbua na kwenye restart pia.

Basi anza na hilo. Ingia Control Panel, Power Options, kushoto kuna "Choose what the power buttons do", bonyeza ile sentensi ya "Change settings that are currently unavailable", halafu toa tiki kwenye "Turn on fast startup", save. Komputa itachelewa kuwaka sekunde kadhaa zaidi, si kitu, utavuta kiti. Izime, kesho asubuhi iwashe uone.

Ikiwa bado, tunamtafuta mwizi nyumba kwa nyumba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda pale pameandikwa Startup (kama huoni, bonyeza More details chini kushoto). Hiyo ndo orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe bila ya kuzialika, na kwenye komputa za maofisini utashangaa, kila aliyewahi kuikalia kaacha chake. Kama jina la kwenye meseji unaliona humo, bonyeza juu yake, Disable, umemaliza. Kama hulioni, usizime moja moja utachoka, zima nusu. Ziko 12, zima 6, restart, zima kabisa, washa. Meseji imeondoka? Mwizi yumo kwenye zile 6 ulizozima, ziwashe 3 uone. Haikuondoka? Yumo kwenye 6 nyengine. Kwa 12 hutopita mara nne utakuwa umemkamata. Na usiogope, Disable haifuti programu, inaizuia tu isijiwashe asubuhi.

Hapa n'seme langu maana na mimi si malaika. Kuna mzee mmoja wa Jang'ombe komputa yake nilimtilia RAM mpya mara mbili. Mbili! Meseji ipo. Siku ya tatu nikakaa nikalisoma lile jina la juu, kumbe ni kiprogramu cha printa, na printa yenyewe walishaitupa zamani, ila kiprogramu chake kila asubuhi kinaamka kinaitafuta, hakiioni, kinaanguka. Nikakiondoa kwenye dakika mbili. Pesa ya RAM moja nilimrudishia, ya pili niliona haya kuitaja na yeye hakuitaja.

Kwenu skuli mimi macho yangu yako kwenye mambo matatu: printa ya zamani kama hiyo, antivairasi mbili zilizotiwa pamoja zikawa zinapigana, au kirusi kilichoingia na flashi. Flashi za mitihani zinavyozunguka kutoka mwalimu huyu mpaka yule ni kama birika la gahawa barazani, kila mtu anatia mkono. Isafishe mashine kwa antivairasi moja, moja tu. Na hiyo Windows 10 yenyewe msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo komputa kama imebaki hivyo hivyo ndo iko wazi zaidi kwa vitu kama hivi.

Umeme nao usiusahau. Nakumbuka Pemba ya majenereta, kabla waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haujafika 2010, komputa ilikuwa inakufa ghafla huku umeshika mausi. Siku hizi ni afadhali sana lakini hata kukatika mara moja Windows ikiwa inaandika faili zake kunatosha kulichana faili moja la ndani. Dawa yake: pale pa kutafutia chini andika cmd, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator, kikifunguka kile kioo cheusi andika sfc /scannow, sfc halafu nafasi halafu mkwaju, piga Enter, uiache mpaka ifike asilimia 100. Ikikuta faili bovu inalirudishia zima.

Sasa kwa ajili ya wenzio, usije ukaambiwa fundi wa gazetini katetea upande wake, ipime hiyo RAM mbele yao. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, Enter, ukubali restart. Itawaka kwenye kioo cha buluu inahesabu asilimia, iacheni mkanywe chai. Ikimaliza inajiwasha yenyewe, na hapa ndo watu wanapopotea, jibu linatoka kwenye kona chini kulia sekunde chache tu, ukigeuka kumjibu mtu huna habari. Ukilikosa fungua Event Viewer, Windows Logs, System, utafute mstari wenye jina MemoryDiagnostics-Results, humo limeandikwa. Ukitaka kipimo kikali zaidi kuna memtest, ilianza 1994 na mpaka leo mafundi tunaiamini, inatiwa kwenye flashi na komputa inawaka kwa flashi hiyo badala ya Windows, unaiacha usiku kucha. Kosa hata moja tu, moja, RAM hiyo ni mbovu, usiambiwe "dogo hilo". Na kama ziko RAM mbili, pima moja moja kwenye sloti (tundu inamochomekwa RAM) ile ile. Makosa yakihama na RAM, mbaya ni RAM. Yakibaki na sloti hata ukitia RAM nyengine, mbaya ni sloti, na hapo unazungumzia mazabodi, ile bodi kubwa iliyobeba vyote, hadithi nyengine na bei nyengine.

Waambie walimu pesa yao haikupotea, Windows 10 kwenye RAM ya 4 ilikuwa inatambaa, kwenye 8 inatembea. Mlinunua kitu kizuri kwa sababu siyo, basi.

SWALI: Fundi mwanangu, n'na duka la kuchapisha na kutoa kopi huku Malindi karibu na bahari. Komputa yangu ya zamani ya mezani asubuhi nikiiwasha inalia pi, pi, pi, kioo cheusi. Kijana wa jirani anaifungua, anaitoa RAM, anaisugua, anairudisha, inawaka. Wiki tatu nne baadae inaanza tena, na masika ndo balaa, juzi kwa wiki moja mara mbili. Nimechoka kumuita, na yeye nahisi kachoka kuitwa.
Mama wa kopi, Malindi

JIBU: Shikamoo mama. Yako ni tafauti na ya maalim, wewe hata Windows hujaifikia. Mashine ikiwaka tu inajihesabu viungo vyake kabla ya kuonesha kitu kwenye kioo, na ikimkosa RAM haina njia ya kukwambia kwa maandishi, ndo inalia. Milio inategemea aina ya BIOS, kile kiprogramu cha ndani kinachoiamsha mashine, zenye BIOS ya AMI za zamani milio mitatu mifupi ni memori, nyengine zinatoa mlio mrefu unajirudia. Kwa kuwa akiisugua inapona, RAM yenyewe nzima, kinachokosekana ni mguso.

Adui yako ni hiyo bahari nzuri unayoitizama mlangoni. Upepo unakuja na chumvi, chumvi inakaa kwenye yale meno ya dhahabu ya RAM na ndani ya sloti, na chumvi kazi yake unaijua mama, kama ile ya jikoni masika inavyolia maji mkebeni. Inavuta unyevu, unyevu unaleta kutu, kutu inazuia umeme mdogo sana unaopita pale. Ndo maana masika inazidi.

Ila n'na wasiwasi na hilo "anaisugua". Muulize anasugulia nini. Wapo wanaotumia msasa, nimewaona kwa macho yangu, na akishikilia msasa basi kila akikutengenezea anakuharibia, kwa sababu ile dhahabu ni utando tu, mwembamba hata kucha ni nene mara nyingi zaidi, na ukishatoka kilichobaki chini kinashika kutu haraka kuliko mwanzo. Pengine ndo maana zamani ilikuwa wiki nne na sasa mara mbili kwa wiki.

Mwambie afanye hivi, au ufanye wewe mwenyewe, si kazi ya kutisha. Chomoa waya ukutani, usizime tu, chomoa, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi ili umeme uliobaki ndani umalizike. Fungua ubavu, shika chuma cha kasha kwanza. RAM ina vikamatio huku na huku, visukume nje itanyanyuka yenyewe. Ishike kwa kingo, usiyaguse meno. Chukua raba ya kufutia penseli, ile nyeupe laini si ile ya buluu yenye mchanga mchanga, pitisha kwenye meno taratibu kuelekea nje, upande huu na huu, halafu malizia na kitambaa kisafi chenye spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. Manukato hapana mama, uturi hapana. Sloti yenyewe ndo wengi wanaisahau, unasafisha jino ukalirudisha kwenye fizi chafu. Ipige brashi mpya laini kavu, mswaki mpya unatosha, na upulize kwa bloa. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji na ndo tunayoyakimbia. Ukirudisha RAM, kile kipengo cha chini, ule mkato kati ya meno, kikae sawa, sukuma pande zote mbili mpaka usikie ta, ta, vikamatio vimefunga vyenyewe. Kama hukusikia ta ya pili haijaingia.

Baada ya hapo ihamishe. Isikae usawa wa dirisha wala mlango wa baharini, na isikae chini sakafuni. Usiku ifunike, lakini baada ya kupoa, na kwa kitambaa si nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Asubuhi kitambaa kinatoka kabla hujawasha! Nimeingia maduka nimekuta komputa imevaa kitambaa chake kizuri cha kudarizi huku inafanya kazi, feni inalia humo ndani inaomba pumzi. Ukiweza iwashwe kila siku hata Ijumaa unapofunga mapema, joto lake lenyewe linaikausha, mashine inayolala siku nne masika ndo inaamka inalia.

Ukifanya yote na bado, jaribu sloti ya pili kama ipo. Ukiamua kununua RAM nyengine usende na jina tu, nenda nayo ile ya zamani mkononi umuoneshe muuzaji, RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, kile kipengo hakilingani, na akikusukumia kwa nguvu kuwa itaingia tu, ondoka dukani.

SWALI: Kaka fundi mambo, mimi mwanafunzi wa chuo Tunguu. Laptop yangu nimeongeza RAM kutoka 4 mpaka 8 lakini kwenye System inaandika 8 halafu mbele yake 3.4 usable, na ikiwaka tu nikifungua Chrome inaniambia "Your computer is low on memory". Nimepigwa?
Mwanafunzi, Tunguu

JIBU: Poa mdogo wangu. Hujapigwa, kama umeandikiwa 8 basi zipo 8. Tizama hapo hapo kwenye System mstari wa System type, nina hakika kama ya kukaa utakuta 32-bit. Windows ya 32-bit inajua kuhesabu anuani 4,294,967,296 tu, ndo 4GB hizo, na kati yake kadi ya picha na vifaa vyengine vinajichukulia sehemu yao, wewe unabakishiwa 3.4. Unaweza kutia hata 16 haitozitumia. Dawa ni kutia Windows ya 64-bit kama prosesa inakubali (mstari huo huo ukiandika "x64-based processor" inakubali), lakini huwezi kupanda kutoka 32 kwenda 64 kwa kubonyeza apudeti, lazima ifutwe itiwe upya, kwa hiyo research yako na mapicha yako hamisha kwanza kwenye diski ya nje, na uifungue hiyo diski kwenye komputa ya mwenzio uhakikishe vimekwenda. Hakikisha, wallahi, msimu wa research kila mwaka kuna mtu analia kibandani kwangu.

Ukikuta tayari ni 64-bit, jaribu hii: andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, kama pana tiki kwenye Maximum memory itoe, kuna mtu aliwahi kuichezea. Na diski C yako kama imejaa mpaka nyekundu, ifungulie nafasi, Windows RAM ikijaa inaazima pahala pa diski, ikikosa pa kuazima ndo inakupigia kelele hizo.